Chaja ya nyumbani kwa Outlander PHEV, Njiro: nikate plagi ya Kijapani au ninunue ya ukutani?

Njiro_Block

Wakuu habari za jioni. Naomba mwongozo kabla fundi hajaanza kutoboa ukuta.

Gari ni Mitsubishi Outlander PHEV (la petroli na umeme, linalochajiwa kwa plagi) ya 2014 kutoka Japani, betri ya kilowati-saa 12. Limekuja na waya wake wa kuchajia. Kiboksi cha katikati kimeandikwa 200V, na plagi ina pini mbili bapa zilizolala mstari mmoja pamoja na ya tatu ya ethi. Nyumba iko Njiro, Arusha, umeme wa njia moja, mita ya LUKU, breka kuu ya ampea 63. Kutoka meni swichi hadi banda la gari ni mita 28. Bafuni kuna shawa ya moto ya kilowati 5.5.

Fundi wa kwanza kasema tukate plagi ya Kijapani, tufunge ya kawaida ya pini tatu, tuchomeke kwenye soketi ya nje ambayo tayari ipo. Wa pili kasema ninunue chaja ya ukutani ya kilowati 7 ili gari lijae haraka. Nani yuko sahihi? Na kwa safari za mjini, kama kilomita 35 kwa siku, nitegemee uniti ngapi kwa mwezi?

---

FundiMita

Mkuu, karibu. Wote wawili wameanzia kwenye kiboksi, wakati kiboksi ndiyo sehemu rahisi ya kazi hii. Banda linaungua kwa sababu ya waya, viungo na soketi.

Tuanze na gari lenyewe. Chaja halisi imo ndani ya gari. Hicho kinachoitwa chaja ya ukutani ni swichi yenye akili: inaliambia gari "hapa unaruhusiwa kuvuta ampea kadhaa", kisha inafungulia umeme. Outlander ya mwaka huo inavuta ampea 16 hivi na haizidi hapo, yaani kilowati 3.7. Uiwekee kiboksi cha kilowati 7 au cha 22, itavuta zile zile. Kwa ampea 10 betri tupu inajaa kwa takriban saa 5, kwa ampea 16 saa 3 na nusu. Gari linalala bandani kwa muda wa saa 9, kwa hiyo haraka hiyo unainunua bure.

Kuhusu waya wa Kijapani, usikate. Umeme wa volti 200 wa Japani unakuja kwa nyaya mbili zenye moto, kila mmoja ukiwa volti 100 tu kutoka kwenye ethi. Hapa kwetu waya mmoja ni nyutro na mwingine uko volti 230 juu ya ethi, na usiku wa manane, majirani wakishazima taa, unaweza kukuta 240 na zaidi. Vifaa vya ndani vya kuzuia mpando wa ghafla wa umeme kati ya laivu na ethi havikupangiwa hali hiyo. Soma kibandiko: kama hakikuandikwa kwamba kinapokea hadi 240V, kirudishe buti. Gari halina shida na 230, shida ni kile kiboksi.

Soketi ya pini tatu nayo ina mambo yake. Imeandikwa 13A, lakini ampea 13 za birika ni za dakika nne, wakati gari linavuta mfululizo kwa saa tano. Soketi nyingi za madukani zina bati jembamba na springi dhaifu. Pini inashika nusu, hapo pana joto, joto linalegeza springi zaidi, na mzunguko unaendelea hadi plastiki igeuke kahawia upande wa laivu, kule kwenye fyuzi. Ukilazimika kutumia soketi hiyo kwa muda, weka chaja kwenye ampea 8, usizidi 10, na usipitishe kwenye ekstensheni. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye roli ni mbaya kuliko zote kwa sababu joto halina pa kutokea.

Ninachopendekeza kwa nyumba yako:

Nunua chaja ya kubebeka ya ampea 16 yenye kichwa cha Type 1, kile cha duara chenye matundu matano, ndicho kinachoingia kwenye Outlander na Nissan Leaf za Japani. Tafuta iliyoandikwa IEC 62752. Kiwango hicho kinaitaka chaja iwe na kinga ya kuvuja kwa umeme ndani yake, pamoja na kugundua umeme wa DC (wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) unaozidi miliampea 6. Upande wa ukuta iwe na plagi ya buluu ya viwandani, duara, pini tatu nene, ya ampea 16, na soketi yake ya buluu yenye kifuniko, yenye kinga ya maji ya IP44 chini ya paa au IP67 kama mvua inafika. Soketi hiyo imetengenezwa kubeba ampea 16 kutwa kucha.

Waya utoke meni swichi moja kwa moja hadi bandani, bila kuchangia na soketi wala taa yoyote. Kwa mita 28 na ampea 16, waya wa mili 2.5 (milimita za mraba) utapoteza volti 8 hivi njiani, wa mili 4 volti 5, wa mili 6 volti 3 na kidogo. Mili 4 inatosha. Ila mimi ningevuta mili 6 tangu leo, kwa sababu ghali ya kazi hii ni kuchimba mtaro na kupiga rangi upya, na ukija kupata gari linalovuta ampea 32 hutafukua tena. Pitisha kwenye bomba, sentimita 50 chini ya ardhi, utepe wa onyo juu yake.

Kabla ya kulipia waya, omba ncha yake na uikwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukiona weupe wa fedha chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, mrudishie mwenye duka. Hata mkono unaipima: roli lake ni jepesi mno.

Breka ya chaja iwe ampea 20, kundi C. Watu wanaweka 16 kwa gari la ampea 16, halafu inakatika baada ya saa moja na wanasema gari lina shoti. Shoti inakata papo hapo. Inayokata baada ya saa moja ni joto, hasa breka ikibanwa katikati ya nyingine zenye mzigo. Kando yake weka RCD (kifaa kinachokata umeme ukivuja) ya miliampea 30 ya aina A, peke yake kwa ajili ya chaja. Ile ya aina AC iliyojaa kwenye meni swichi za zamani inaweza "kulala" umeme wa DC ukivuja kutoka kwenye gari, ikaacha kulinda nyumba nzima bila mtu kujua.

Fundi awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Akuoneshe kadi.

---

Kijenge_Volti

Nakubaliana na FundiMita karibu kote, ila kwenye chaja ya ukutani nampinga kidogo. Ya kilowati 7 si lazima itumike kwa kilowati 7. Nyingi zina swichi ndogo ndani, au mpangilio kwenye simu, za kuibana kwenye ampea 10, 16, 20 au 32. Njiro_Block ataiweka 16 leo na akibadili gari ataipandisha.

Ila achague ile yenye tundu la Type 2 (la magari ya Ulaya) ukutani badala ya ile ambayo waya wake hauchomoki. Halafu anunue waya wa Type 2 kwenda Type 1 kwa ajili ya Outlander. Akija kununua gari la Ulaya atabadilisha waya tu. Magari ya soko la China yanakuja na tundu la GB/T, ambalo kwa mbali linafanana kabisa na Type 2, matundu saba yale yale, lakini dume na jike vimegeuzwa. Ukiwa bandarini au yadi usikubali neno la dalali, piga picha ya tundu.

La pili ni mzigo wa nyumba, hapa ndipo fundi wako wa kilowati 7 alipokosea. Shawa ya 5.5 inavuta ampea 24. Ongeza chaja 32, birika 9, pasi 4: ni 69. Breka kuu ni 63. Haitakatika sekunde hiyo hiyo, itavumilia, halafu itakata mtu akiwa na povu kichwani. Kwa ampea 16 jumla ni 53, inapita. Na asubuhi za Juni na Julai hapa Arusha hakuna nyumba isiyowasha shawa.

Zipo chaja zenye klampu inayofungwa kwenye waya mkuu. Inapima nyumba nzima inavuta kiasi gani, shawa ikiwashwa inaliambia gari lipunguze, ikizimwa linapanda tena. Kwa njia moja yenye breka ya 63, ukitaka 32 siku moja, nunua yenye klampu au usinunue kabisa.

---

FundiMita

Sawa, klampu naikubali. Angalizo tu: waya wa klampu ni mwembamba kama wa simu, usiupitishe bomba moja na waya wa umeme kwa mita 28. Mpe bomba lake.

Na kama atapandisha hadi 32 kwa mili 6, volti zinazopotea ni 6.5 hivi na breka iwe 40. Inakubalika. Kwa Moshi mjini kwenye joto, au mabomba yakibanana na nyaya nyingine, ningeenda mili 10.

---

Kijenge_Volti

Swali la uniti halijajibiwa. Outlander kwa umeme mtupu mjini inakwenda kama kilomita 4 kwa kilowati-saa, na kuna kinachopotea wakati wa kuchaji. Kilomita 35 ni uniti 10 hivi kutoka ukutani. Siku 26 za mwezi ni uniti 260. Kwa bei ya kawaida ya takriban shilingi 356 kwa uniti pamoja na kodi na tozo, ni kama 92,500 kwa mwezi. Linganisha na petroli yako mwenyewe.

Kama nyumba iko kwenye tarifu ya watumiaji wadogo, ile ya uniti 75 kwa mwezi, jua kwamba gari linaiua wiki ya kwanza. Uniti zinazozidi zinauzwa kwa bei kubwa, na ukiendelea hivyo utahamishiwa tarifu ya kawaida. Kama mita ya banda la wapangaji iko kwenye tarifu hiyo, usichomeke gari hapo hata kwa usiku mmoja, utawaharibia wao.

Pia LUKU ya nyumbani haina bei ya usiku. Kuchaji saa sita usiku hakupunguzi shilingi, faida yake ni kwamba umeme umetulia na shawa zimezimwa. Weka taimu ianze saa tano. Na uache uniti zisizopungua 20 kabla ya kulala, maana zikiisha saa nane usiku gari na friji vinalala pamoja.

---

Mangi_Kibosho

Naomba kuingilia. Huku Kibosho juu, Leaf ya Japani ya kilowati-saa 24, chaja ya kubebeka ya ampea 16. Jioni inaanza, dakika kumi inakata, taa nyekundu, inaanza tena, inakata. Multimita kwenye soketi inasoma 215 kabla ya kuchomeka na 197 ikichaji. Nguzo ya mwisho iko mbali na nyumba. Ninunue stabilaiza?

---

FundiMita

Mangi, stabilaiza subiri. Kwanza tujue volti zinapotelea wapi. Gari likiwa linachaji, pima sehemu mbili kwa wakati mmoja ukiweza: kwenye vituo vya breka kuu karibu na mita, na kwenye soketi ya gari. Kama kwenye breka kuu ni 199 na soketini 197, waya wako wa ndani ni mzima, tatizo liko upande wa nguzo, ni la TANESCO. Wape namba ya mita na hivyo vipimo viwili. Lalamiko lenye vipimo linapata fundi haraka kuliko "umeme mdogo". Kama kwenye breka kuu ni 212 na soketini 197, tatizo ni lako: kiungo kilicholegea au waya mwembamba, na mahali hapo panachemka. Kagua leo, usingoje kesho.

Vyovyote iwavyo, shusha ampea. Volti zinazopotea zinafuata ampea: ukivuta 16 unapoteza 18, ukivuta 8 utapoteza 9, utabaki na 206 na chaja haitakata. Joto linapungua zaidi ya hapo. Kwa 16 nyaya zinakula wati 288, kwa 8 zinakula 72. Kutoka saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kwa ampea 8 utaingiza uniti 13 hivi ukutani, na kwa Leaf hizo zinakutosha kushuka Moshi mjini na kurudi ukiwa na akiba.

Stabilaiza kwa mzigo huu ingehitaji kuwa ya kVA 5 kwenda juu, na ikipandisha volti inavuta ampea zaidi kutoka kwenye waya ule ule uliochoka. Friji gadi ndiyo kabisa usiipe gari. Kifaa unachokihitaji ni kilinzi cha volti cha kufunga kwenye reli ya breka, cha ampea 40 au 63: kiwekee kikomo cha chini 190, cha juu 255, na kuchelewa kuwasha dakika 3 hadi 5. Umeme ukirudi baada ya kukatika, sekunde za kwanza zinayumba sana, na hizo ndizo zinazoua chaja ya ndani ya gari, ambayo haiuzwi kwenye maduka ya Double Road mjini.

Halafu jaribu hili: zima breka ya chaja gari likiwa linachaji, washa baada ya dakika moja. Je, inaanza yenyewe? Baadhi zinataka kubonyezwa kitufe, nyingine zinabaki kwenye kosa. Kwa jinsi umeme unavyokatika masika, chaja isiyojianza yenyewe itakuacha na betri tupu asubuhi.

---

Kijenge_Volti

Nyongeza kwa Mangi: ukikaa juu kama Kibosho usijaze 100% usiku. Safari ya kwanza asubuhi ni mteremko mtupu hadi mjini, na betri iliyojaa haina pa kuweka umeme wa breki. Breki za kawaida ndizo zitakazofanya kazi yote na uniti zinapotea kama joto. Leaf za mwanzo zina chaguo la kuishia 80%. Kama lako halina, weka saa ya kumaliza kwenye taimu. Ukifika mjini unaweza kukuta chaji imepanda badala ya kushuka.

---

Sakina77

Chaja yangu ilikuwa inagoma na alama ya ethi. Fundi akaunganisha ethi na nyutro ndani ya soketi, ikakubali. Rahisi tu, jaribuni.

---

FundiMita

Sakina77, ondoa hicho kiunganishi leo kabla gari halijachomekwa tena. Siongei kwa ukali, ila hili linaua.

Chaja inagoma kwa sababu haioni ethi. Ukiifungia nyutro inadanganyika. Siku nyutro ya nguzoni ikikatika au ikilegea kwa upepo, umeme unaopita kwenye friji na taa zako unatafuta njia ya kurudi na kuikuta bodi ya gari. Gari lina matairi ya mpira, halijagusa ardhi. Wa kwanza kugusa mlango akiwa pekupeku kwenye zege lenye maji ndiye anakuwa ethi.

Rekebisha ethi yenyewe. Nyumba nyingi huku zina nondo yake ya ethi, na nyingi ni kipande cha nusu mita kilichopigiliwa siku ya ukaguzi. Udongo wetu wa majivu ya volkano ukikauka, Agosti hadi Oktoba, unapitisha umeme kidogo sana. Piga nondo ya shaba ya milimita 16, urefu wa mita 1.5 au zaidi, na ya pili umbali usiopungua urefu wa nondo yenyewe, ziunganishwe kwa waya wa shaba wa mili 10 au 16. Klampu ikae kwenye kishimo chenye mfuniko ili ikaguliwe. Chumvi na mkaa wanavyomwaga ni dawa ya msimu mmoja. Mvua inaisafisha na chumvi inakula klampu. Mahali pazuri ni palipo na unyevu wa kudumu, karibu na bomba la kumwagilia, si chini ya ukingo wa nyumba ambako mvua haifiki.

Usikubali kipimo cha multimita peke yake. Inavuta umeme mdogo mno kiasi kwamba hata ethi mbovu itakuonesha 228 kati ya laivu na ethi, na mtu anaondoka akiamini iko sawa. Fundi aje na kifaa cha kupima upinzani wa ethi. Ikiwa chini ya oma 10 vizuri sana, juu ya 100 ongeza nondo. Genereta ndogo nayo inaifanya chaja itoe kosa hilo hilo la ethi kwa sababu nyutro yake inaelea, yaani haijaunganishwa na ethi. Hiyo ina suluhisho lake, na si la kufanya kwa kubahatisha.

---

Sakina77

Nimekuelewa mkuu. Breka ya soketi hiyo nimeizima, fundi mwenye kifaa anakuja Jumamosi.

---

Njiro_Block

Asanteni sana wakuu. Nimeamua: chaja ya kubebeka ya ampea 16, soketi ya buluu, waya mili 6, breka 20C na RCD aina A. Chaja ya ukutani itasubiri gari lijalo. Kazi ikiisha nikague nini kabla fundi hajalipwa? Na banda halina ukuta upande mmoja, mvua inapiga.

---

FundiMita

Bonyeza kitufe cha T kwenye RCD, ikatike. Chomeka gari, ampea 16, pima volti soketini kabla na wakati wa kuchaji. Kwa waya wako isishuke zaidi ya volti 4 au 5 ukilinganisha na kwenye breka kuu wakati huo huo. Acha ichaji saa nzima, kisha shika plagi ya buluu, breka na mlango wa meni swichi. Vuguvugu ni kawaida. Usipoweza kuacha kiganja hapo kwa sekunde kumi, zima na mrudishe fundi akaze skurubu. Waya wenye nyuzi nyingi uvalishwe feruli (kikofia cha chuma cha kubana nyuzi) kabla ya kuingia kwenye breka, la sivyo skurubu inalegea yenyewe. Baada ya mwezi mmoja zikazwe tena zote, umeme ukiwa umezimwa kwenye breka kuu.

Mvua: soketi iangalie chini, urefu wa mita 1.2 hivi, waya uingie kwa chini, kamwe usiingie kwa juu. Kiboksi cha chaja kitundikwe kwa ndoano ya mpira. Kikining'inia kwa waya wake kinachosha pini. Kichwa cha Type 1 kiwe na kofia yake kila kisipokuwa kwenye gari. Nyigu wa udongo wanapenda sana matundu matano yale, na mjusi akiingia kwenye soketi iliyoachwa wazi RCD itakatika kila usiku na hutajua kwa nini hadi uifungue.